Faili Lililogoma: Utambuzi wa Chanzo cha Lahajedwali Kutofunguka kwa Kubofywa Mara Mbili katika Stesheneri za Kinondoni na Temeke

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini faili la lahajedwali hushindwa kufunguka linapobofywa mara mbili, na namna ya kutambua chanzo bila kuhatarisha data. Muktadha wake ni stesheneri za pembezoni mwa Dar es Salaam, hususani katika wilaya za Kinondoni na Temeke, ambako kumbukumbu za vikundi, shule na biashara ndogo husafiri kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Hoja kuu ni kwamba neno "limegoma", linalotumiwa kuelezea tatizo hili, linafunika hali nne zilizo tofauti, na kwamba katika tatu kati ya hizo faili lenyewe ni zima. Hasara kubwa hutokana na tiba inayotolewa kabla ya utambuzi.

1.0 Utangulizi

Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta binafsi, VisiCalc, ilitolewa mwaka 1979. Excel ilifuata mwaka 1985 katika kompyuta za Macintosh, na mwaka 1987 katika Windows. Tangu hapo daftari la safu na mistari limehamia ndani ya kompyuta, na pamoja nalo zimehamia kazi zilizokuwa zikifanywa kwa kalamu. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa Mbagala, mwalimu wa taaluma Tegeta na mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chamazi wanaweza wasifanane kwa lolote isipokuwa hili: hesabu wanazowajibika nazo zimo katika faili moja la Excel.

Wengi wao hawana kompyuta ya ofisi. Faili hukaa katika flashi, na flashi hupelekwa stesheneri, yaani duka dogo linalotoa huduma za kuchapa, kudurufu, kuskani na kutuma barua pepe. Kompyuta ya stesheneri hutumiwa na kila mteja aingiaye, na si ajabu ikawa na toleo la Excel lisilofanana na lile lililotumika kuandaa faili. Katika mazingira hayo mteja hubofya faili mara mbili, halifunguki, na neno linalotamkwa ni moja: limegoma.

Kinachopotea hapo si karatasi tu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha kuwa watoa huduma wa daraja la nne. Mwanachama wa kikundi cha namna hiyo anayedai mgawo wake mwishoni mwa mzunguko hutegemea kumbukumbu ya michango iliyotunzwa na mweka hazina. Pale ambapo daftari la karatasi limeachwa na nafasi yake kuchukuliwa na faili, uamuzi unaofanywa katika dakika tano za kwanza baada ya faili kugoma ndio unaoweza kuamua iwapo ushahidi huo utabaki au utatoweka.

2.0 Kinachotendeka faili linapobofywa mara mbili

Kubofya mara mbili huonekana kuwa tendo moja, ilhali ni mnyororo wa matendo kadhaa. Kwanza, Windows husoma kiendelezi cha jina la faili, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho, kama vile .xls, .xlsx au .csv. Pili, hutafuta katika sajili yake ni programu ipi iliyoandikishwa kufungua kiendelezi hicho. Tatu, huiamsha programu hiyo, au huipelekea ujumbe ikiwa tayari imefunguliwa. Nne, programu husoma yaliyomo ndani ya faili na kuyaonyesha.

Jambo la msingi ni kwamba katika hatua tatu za mwanzo yaliyomo ndani ya faili hayajaguswa. Windows haichunguzi kama ndani mna hesabu za vikoba au picha ya harusi. Inatazama jina tu. Kwa hiyo mnyororo ukikatika katika hatua ya kwanza, ya pili au ya tatu, kutofunguka kwa faili hakusemi lolote kuhusu uzima wa faili. Ni hatua ya nne pekee inayoweza kutoa ushahidi wa uharibifu, na hata huko ushahidi wenyewe unahitaji kuthibitishwa.

3.0 Hali nne zinazofunikwa na neno "limegoma"

3.1 Programu imefunguka, faili halionekani

Dalili ya hali hii ni Excel kufunguka ikiwa na dirisha tupu la kijivu, au kutoa ujumbe kwamba kulikuwa na tatizo katika kuipelekea programu amri. Chanzo kinachojulikana sana ni mpangilio unaohusu DDE, utaratibu wa programu kupelekeana ujumbe uliokuja na Windows 2.0 mwaka 1987. Kwa kutumia utaratibu huo, Windows huiambia Excel faili gani lifunguliwe. Ndani ya Excel kuna kisanduku cha kuteua kinachoiamuru ipuuze programu nyingine zinazotumia DDE. Kisanduku hicho kikiwa na alama ya tiki, Excel huamka lakini haipokei jina la faili. Mwito umefika, mwitikaji ameziba masikio.

Tiba ni kuingia katika menyu ya "File", kisha "Options", kisha "Advanced", kushuka hadi sehemu ya "General", na kuondoa tiki katika kisanduku kinachotaja DDE. Hakuna data inayoguswa. Ikiwa kisanduku hakina tiki na tatizo linaendelea, yafaa kuchunguza programu-jalizi zilizoongezwa katika Excel. Amri ya excel /safe, inayoandikwa katika kisanduku kinachotokea baada ya kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, huiamsha Excel bila nyongeza hizo. Faili likifunguka kwa njia hiyo, mojawapo ya nyongeza ndiyo kikwazo.

Hali ndogo inayofanana na hii ni ya faili lililohifadhiwa likiwa na dirisha lililofichwa. Faili limefunguka kweli, ila halionekani. Amri ya "Unhide" katika menyu ya "View" hulirudisha machoni.

3.2 Jina na programu havipatani

Katika hali ya pili, Windows huuliza ni programu gani itumike, au hufungua faili kwa programu isiyohusika. Mara nyingi kompyuta imewekewa programu nyingine ya ofisi, kama WPS Office au LibreOffice, kisha ikaondolewa, na sajili ikabaki ikielekeza mahali pasipo na mtu. Tiba ni kubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua "Open with", kuteua Excel na kukubali kwamba uteuzi huo utumike daima.

Tofauti za matoleo nazo huleta hali hii. Kiendelezi cha .xlsx kilianza na Excel 2007. Umbo lake lilisanifiwa na shirika la Ecma mwaka 2006 kwa jina la ECMA-376, na baadaye likawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 29500. Excel 2003 haiwezi kulisoma bila kiunganishi maalumu ambacho Microsoft iliacha kukitoa mwaka 2018. Anayehifadhi upya faili la .xlsx katika umbo la .xls ili lisomeke kwenye kompyuta ya zamani anapaswa kujua kwamba umbo hilo lina kikomo cha mistari 65,536 na safu 256, ilhali .xlsx hubeba mistari 1,048,576 na safu 16,384. Kinachozidi kikomo hukatwa.

Upande mwingine wa hali hii ni faili ambalo jina lake halisemi kweli. Mifumo mingi ya mtandaoni hutoa ripoti zenye kiendelezi cha .xls ilhali ndani mna maandishi ya HTML au ya CSV. Excel huonya kwamba umbo na kiendelezi havilingani. Aidha, mtu anapobadilisha .xls kuwa .xlsx kwa kuandika upya jina, habadilishi umbo la faili. Anabadilisha kibandiko tu, na Excel hulikataa. Kurudisha jina la awali hulirudisha faili.

3.3 Faili limefichwa au limezuiwa

Hali ya tatu ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa katika mazingira ya stesheneri. Kuna virusi vinavyoenea kwa flashi ambavyo huficha mafaili halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mteja anayebofya mara mbili hafungui lahajedwali. Anakiamsha kirusi, nacho huingia katika kompyuta na kusubiri flashi ya mteja anayefuata. Kadiri anavyorudia kubofya ndivyo anavyosaidia maambukizi.

Utambuzi wake ni rahisi. Ikoni ya njia ya mkato ina mshale mdogo pembeni, na ukubwa wake ni wa kilobaiti moja au mbili hata kama faili la awali lilikuwa kubwa. Katika kompyuta iliyo safi na yenye kinga iliyosasishwa, amri ifuatayo huyaondolea mafaili sifa ya kufichwa, ikiwa flashi imepewa herufi F:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Baada ya hapo mafaili halisi huonekana, yakanakiliwa mahali salama, ndipo flashi ikasafishwa.

Uzuiaji ni jambo tofauti, na mara nyingi hufanywa na Windows yenyewe. Faili lililopakuliwa mtandaoni au kufunguliwa kutoka katika barua pepe hubandikwa alama ya asili yake, na kuanzia Excel 2010 faili la namna hiyo hufunguliwa katika hali ya ulinzi. Mwezi Julai 2016 masasisho ya usalama ya Microsoft yaliongeza ukali kiasi kwamba mafaili ya HTML yenye kiendelezi cha .xls yaliyotoka mtandaoni yalifunguka yakiwa dirisha tupu. Wengi walidhani ripoti zao zimefutika, kumbe zilikuwa nzima. Kwa faili ambalo chanzo chake kinaaminika, tiba ni kufungua sifa za faili na kuweka tiki katika kisanduku cha "Unblock".

3.4 Faili limeharibika

Hali ya nne ni uharibifu halisi. Ili kuuelewa, yafaa kujua kwamba faili la .xlsx ni kifurushi cha zip chenye mafaili madogo ya XML ndani yake. Orodha inayoonyesha kila kimoja kilipo huandikwa mwishoni kabisa mwa kifurushi. Flashi ikichomolewa kabla ya uandishi kukamilika, umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, au upakuaji ukikomea njiani kwa sababu bando limeisha, sehemu inayokosekana huwa ndiyo hiyo ya mwisho. Hivyo faili linaweza kuwa na sehemu kubwa ya data yake na bado likakataliwa, mithili ya kitabu chenye kurasa zote ila msomaji hawezi kukisoma bila yaliyomo. Hiyo ndiyo sababu uharibifu wa aina hii mara nyingine huponyeka.

Uthibitisho hufanywa kwa kutazama ukubwa wa faili kwanza. Faili lenye baiti 0 halina kitu. Faili dogo ambalo jina lake huanza na ~$ si lahajedwali. Ni alama ya muda ambayo Excel huweka kuonyesha kwamba faili halisi linatumika, nayo hubaki ikiwa kompyuta ilizimika ghafla. Mtu anayeibofya hupata ujumbe wa kukataliwa na kudhani kazi yake imeharibika, ilhali faili halisi limo katika folda hiyohiyo.

Jaribio la pili ni kutengeneza nakala ya faili, kuibadili nakala hiyo kiendelezi kuwa .zip, na kuifungua. Ikiwa ndani yaonekana folda iitwayo xl, yenye folda ya worksheets, kifurushi hakijakatika. Hata hivyo, jaribio hili lina mpaka wake: faili lililofungwa kwa nywila huhifadhiwa katika umbo jingine, hivyo halitafunguka kama zip hata likiwa zima kabisa.

4.0 Mpangilio wa utambuzi

Kutokana na maelezo hayo, utambuzi unapaswa kufuata mpangilio unaoanza na hatua zisizogusa faili.

Hatua ya kwanza ni kuacha kubofya na kutazama: jina kamili, kiendelezi, ukubwa na ikoni. Kwa kawaida Windows huficha viendelezi, hivyo sharti vionyeshwe kwanza kupitia menyu ya "View" ya dirisha la folda.

Hatua ya pili ni kunakili faili kutoka katika flashi hadi kwenye kompyuta, na kazi yote inayofuata kufanywa juu ya nakala. Ikiwa kunakili kwenyewe kunakataa, tatizo liko katika flashi, si katika Excel.

Hatua ya tatu ndiyo inayotenganisha hali nne kuwa makundi mawili. Excel ifunguliwe yenyewe kwanza, kisha faili liitwe kutoka ndani kwa "File" na "Open". Likifunguka, faili ni zima na kasoro iko katika mnyororo wa kubofya. Kinachobaki ni kurekebisha DDE au uhusiano wa kiendelezi. Lisipofunguka, ndipo uchunguzi wa kiendelezi, uzuiaji na uharibifu uanze.

Hatua ya nne ni kulijaribu faili katika programu nyingine, kama LibreOffice Calc, au katika simu. Faili linalokataliwa na Excel mara nyingine husomwa na programu yenye ustahimilivu zaidi.

Hatua ya tano, baada ya zote kushindikana, ni kutumia amri ya "Open and Repair" iliyo katika mshale mdogo kando ya kitufe cha "Open" ndani ya Excel. Amri hiyo hutoa fursa ya kurekebisha faili au kuchopoa data pekee. Kinachopatikana kihifadhiwe kwa jina jipya.

5.0 Tiba zinazoangamiza

Tiba nyingi zinazopendekezwa kwa haraka huanza mahali ambapo utambuzi ungemalizikia. Ya kwanza ni kukubali ombi la Windows la kufomati flashi. Kufomati kwa haraka hakufuti data yote papo hapo, lakini kila kinachoandikwa baadaye juu ya flashi hiyo hufunika kilichokuwamo. Flashi iliyofikia hatua hiyo haipaswi kuandikwa chochote hadi data itafutwe.

Ya pili ni kuiachia programu ya kinga ifute kila inachokishuku pasipo kwanza kuyafichua mafaili yaliyofichwa. Njia za mkato zikifutwa, flashi huonekana tupu, na mteja huambiwa kwamba kazi yake imeliwa na virusi. Akiitikia kwa kuifomati, anafuta kwa mkono wake kile ambacho kirusi kilikificha tu.

Ya tatu ni kuhifadhi juu ya faili lilelile. Mtu aliyefungua faili la lahajedwali kwa programu ya maandishi, akaona herufi zisizosomeka, kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, amegeuza hali ya pili kuwa hali ya nne.

Ya nne ni kupakia faili katika tovuti zinazoahidi kulirekebisha. Lahajedwali ya kikundi huwa na majina, namba za simu na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka wajibu juu ya anayekusanya na kuchakata taarifa za namna hiyo, na kuzikabidhi kwa mwenye tovuti asiyejulikana si jambo dogo.

Ya tano ni kuondoa Excel na kuiweka upya. Hatua hii haiharibu data, lakini hugharimu muda na bando kwa tatizo ambalo huenda lingeondoka kwa tiki moja.

6.0 Suala la lugha

Ujumbe ambao mteja huona kwenye skrini umeandikwa kwa Kiingereza, na maelezo anayopewa huwa ya Kiswahili cha mkato: limegoma, limekufa, limeliwa. Maneno hayo yana uhai wake katika mazungumzo, ila kila moja hubeba tiba ndani yake. Kilichogoma hulazimishwa, hivyo mtu hubofya tena na tena. Kilichokufa huzikwa, hivyo flashi hufomatiwa. Kwa namna hiyo istilahi isiyo sahihi huzaa uamuzi usio sahihi.

Kiswahili hakijakosa uwezo wa kulieleza jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili, lahajedwali ikiwamo. Kazi ile ilithibitisha kwamba menyu na ujumbe wa kompyuta vinaweza kusemwa kwa Kiswahili. Kinachopungua katika kaunta ya stesheneri ni maneno manne yanayotenganisha hali nne: faili halijapokelewa, faili halijatambuliwa, faili limefichwa au limezuiwa, na faili limeharibika. Mhudumu anayetumia maneno hayo analazimika kuuliza lipi ni lipi kabla ya kugusa chochote.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kutofunguka kwa lahajedwali kwa kubofywa mara mbili ni dalili ya hali nne, na kwamba tatu kati yake haziligusi faili lenyewe. Jaribio la kuliita faili kutoka ndani ya Excel hutenganisha kasoro ya mnyororo na kasoro nyingine kwa muda usiozidi dakika moja, bila gharama na bila hatari. Uharibifu halisi nao huwa na nafuu pale tu ambapo kazi inafanyika juu ya nakala.

Kinga iliyo nafuu kuliko tiba zote ni nakala ya pili. Faili lililotumwa WhatsApp likiwa hati hufika jinsi lilivyo, na hubaki katika mazungumzo hata flashi ikipotea katika daladala la Mbagala. Kwa kikundi chenye mweka hazina mmoja na flashi moja, kutuma faili kwa katibu kila baada ya kikao ni utaratibu usiohitaji mtaalamu. Michango ya wanachama haitakuwa tena katika mkono mmoja, na siku faili litakapogoma, kutakuwa na muda wa kuuliza limegomaje.